Sitini na Nne

"Kama si wewe, basi nitajie mwingine," nilimwambia binti yangu, nikaigonga barua ya chuo mezani mpaka kijiko kikaruka kutoka kwenye kikombe.

"Mama, mimi sijamwambia mtu kitu."

"Wanaojua ni watatu. Mimi, baba yako na wewe. Mimi siwezi kujisema. Baba yako hajui hata chuo kina milango mingapi."

"Nimesikia," mume wangu alisema kutoka bafuni, alikokuwa akinyoa ndevu. "Na milango ni miwili."

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka.

Yeye yuko mwaka wa tatu. Siku mbili kwa wiki husaidia katika ofisi ya masomo ya jumla, kubandika orodha na kupanga makaratasi. Ofisi hiyohiyo ndiyo iliyoniandikia barua. Mimi niko mwaka wa kwanza, chuo hichohicho, na umri wangu ni miaka arobaini na sita. Nina stashahada ya ufundi wa maabara na ninaongoza maabara ya mtambo wa kusafisha maji. Mwaka huu mwajiri aliamua kwamba anayeongoza maabara awe na shahada, au awe anaisomea. Nikajiandikisha.

Nilidhani nitapelekwa moja kwa moja kwenye kemia. Wakanipa masomo ya jumla, yale ambayo kila anayeingia lazima ayapitie, awe anasomea udaktari au muziki: Stadi za Mawasiliano, Utangulizi wa Falsafa, Mazingira na Jamii, Utangulizi wa Takwimu. Matatu ya kwanza ni ya jioni, nikasema haidhuru, nitafalsafika. Takwimu ni Jumanne na Alhamisi saa tatu asubuhi, saa ileile tunayochukua sampuli za maji. Nisipokuwepo atazichukua msaidizi wangu, kijana ambaye kimoyomoyo namwita Suruali Pasi, maana mkunjo wa suruali yake unaweza kukata mkate. Shahada anayo tayari. Kilichobaki ni kiti changu, na kila nikiinuka namwona anakipima kwa macho.

Kwa hiyo niliomba kusamehewa Takwimu. Ukiwa uliwahi kuisoma kwingine ukapata hamsini au zaidi, chuo kinakusamehe. Karatasi yangu ya matokeo inasema niliisoma nikapata sitini na nne.

Tatizo ni kwamba sikuisoma. Miaka ishirini na miwili iliyopita mwalimu wa Takwimu alikuja darasani kwetu siku moja, akaazima chaki, akasema tutaanza wiki ijayo. Hatukumwona tena, wala hiyo chaki. Mwisho wa muhula matokeo yakabandikwa ukutani, na darasa zima likawa na sitini na nne. Hata mwenzetu mmoja aliyelazwa hospitali muhula mzima, sitini na nne. Kisa hiki nimekisimulia mezani kwangu mara nyingi, tukacheka mpaka chai ikatutoka puani. Sasa kilikuwa kimenirudia kwa bahasha.

"Barua ya chuo kujibiwa kwa siku nne!" nilisema. "Tangu lini? Barua yangu ya kujiunga ilichukua miezi mitatu. Hawa wameharakishwa na mtu."

"Wanataka muhtasari wa somo, mama. Karatasi inayoonyesha mlifundishwa nini. Kila mtu huombwa."

"Kila mtu nani? Mtaje mmoja."

"Si uingie tu darasani? Ni wiki kumi na nne."

"Nikafundishwe kutafuta wastani? Mimi nimetafuta wastani wa klorini kabla wewe hujaota meno."

"Kompyuta ndiyo inayotafuta, mama. Wewe unaingiza namba."

Alipolisema hilo mwenyewe aliona limenichoma. Akachukua mkoba wake, chai akaiacha nusu, akatoka bila kuaga.

Mume wangu alitokea mlangoni, shavu moja jeupe kwa povu. "Umemwonea mtoto."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Basi kabadilishe nguo," akasema, akarudi kwenye kioo.

Nilimpigia Suruali Pasi nikamwambia anisubiri, nitakuwa kazini kabla ya saa tatu, asiguse chupa hata moja. "Hakuna shida, bosi," alisema, harakaharaka, kama mtu aliyekuwa ameshaishika chupa yenyewe.

Getini mlinzi aliandika jina langu polepole, herufi kwa herufi, halafu akaitazama saa yake na kuandika na saa. Nikajiuliza daftari lile linapelekwa kwa nani. Ofisi ya masomo ya jumla iko ghorofa ya kwanza, mwisho wa korido yenye ubao mrefu wa matangazo. Katibu aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta, akaniangalia usoni, akatabasamu.

"Aa! Wewe ndiye mama yake. Mmefanana!"

Nikasema asante, ila moyoni nikaandika: wamenizungumza. Nilikaa kwenye benchi. Ndani ya ofisi ya mratibu mtu alicheka, kisha akanyamaza. Nikaandika na hilo.

Mratibu wa masomo ya jumla alikuwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, penseli imechomekwa kwenye nywele. Kwenye kadi ya mlangoni nilikuwa nimesoma kwamba yeye mwenyewe ndiye anayefundisha Takwimu. Mezani alikuwa na faili moja tu, la kwangu. Simu yake ililala kifudifudi pembeni.

"Karibu, mama. Umekuja na muhtasari?"

"Nimekuja na swali. Nani mwingine mmemwandikia barua ya namna hii?"

"Wengi."

"Wangapi?"

"Sijawahesabu. Mwaka huu labda arobaini." Aliichomoa penseli. "Ni utaratibu tu. Nahitaji kujua mlisoma mada zipi. Wengine huniletea daftari la zamani."

Daftari. Nani ana daftari la miaka ishirini na miwili? Nikamngoja, nione anakokwenda.

"Na kama huna daftari," akaendelea, "mwalimu aliyekufundisha anaweza kuniandikia mistari miwili. Kama yuko hai, bila shaka."

Hapo ndipo nilipomkamata, au nilidhani nimemkamata. Uso wake ulikuwa mtulivu mno. Nyuso za namna hiyo nazijua: ni za wakaguzi wanaokuja mtamboni wakijua fika kwamba pampu imekufa, halafu wanakuuliza pampu inaendeleaje.

"Mwalimu, tusizungushane," nikasema. "Najua binti yangu ameshakwambia kwamba yule mwalimu hakuja. Sasa unataka nini? Nilie?"

Penseli ikasimama hewani.

"Mwalimu gani hakuja?"

Nilimtazama. Akanitazama. Hakuwa anaigiza. Nilikuwa nimemwaga mchele kwa mkono wangu mwenyewe, na kuku sikuwaona mpaka walipoanza kudonoa.

"Binti yako hajui hata kama ombi lako limefika," alisema. "Maombi ya msamaha hayapiti kwa wanafunzi. Yako kwenye kabati lile, na ufunguo ninalala nao." Aliuvuta kutoka shingoni, ukining'inia kwenye uzi wa bluu. Alisimama, akafungua kabati, akarudi na mafaili mawili mengine. "Hawa wawili mlisoma pamoja?"

Nilisoma majina. Mmoja alikuwa yule wa hospitali.

"Wameomba mwezi huu," mratibu alisema. "Sitini na nne. Sitini na nne. Yako ilipokuja nikasema labda ni bahati. Darasani mlikuwa wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na wote…"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakuwa na haja ya kunifafanulia. Kazini kwangu, daftari la klorini likionyesha namba moja asubuhi saba mfululizo, siulizi habari za maji, nauliza nani alilala. Mwaka jana nilimwondoa mtu kwenye zamu ya sampuli kwa sababu hiyo. Aliapa kwamba maji yenyewe ndiyo yalikuwa yametulia. Nikamwambia maji hayana adabu hiyo.

"Sikiliza, mama," mratibu alisema, akiyafunga mafaili. "Ulilolisema halijaandikwa popote. Chuo chako cha zamani bado kipo. Ukiwaomba muhtasari wa somo watakupa, ni karatasi ya kawaida. Ukiniletea nitaiweka kwenye faili, nalo faili litakamilika. Sikushauri. Nakueleza utaratibu ulivyo."

Mtego mwingine, nikasema moyoni. Nikaitazama ile simu iliyolala kifudifudi.

"Inarekodi?"

"Imekufa chaji tangu jana."

Nikaigeuza kwa kidole. Kweli, ilikuwa nyeusi tii. Mratibu hakukasirika, nadhani alikuwa ameanza kuburudika nami.

"Kuna njia ya tatu," alisema. "Mtu anayeijua takwimu bila kuisoma darasani naweza kumpa mtihani wa kujithibitisha. Akifaulu anasamehewa kihalali. Ila kwanza huwa nawapa hili, nisipoteze muda wao." Alinisogezea karatasi moja. "Ni zoezi la wiki ya pili."

Ilikuwa na namba kumi: dakika ambazo watu kumi walisubiri kwenye foleni ya benki. Swali la kwanza, wastani. Nikaupata kabla hajamaliza kukaa vizuri, nikauandika kwa majivuno. Swali la pili liliuliza namba hizo zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Pembeni yake palikuwa na alama, kama konokono mwenye mkia.

Alama hiyo naifahamu. Iko juu ya safu ya mwisho ya ripoti yangu ya kila mwezi. Kompyuta huijaza safu hiyo yenyewe, na mimi natia sahihi chini yake. Nimeongoza maabara miaka tisa. Ni ripoti mia moja na nane, na sikuwahi kumuuliza mtu yule konokono anasema nini. Ningemuuliza nani? Anayejua pale kazini ni mmoja, naye ana mkunjo kwenye suruali.

Nilizitazama namba zile kumi kwa muda mrefu. Nilizipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Nilitoa ndogo kwenye kubwa. Nilikata, nikaandika tena. Mratibu alikuwa anachonga penseli na haniangalii, na hilo nalo lilinikera, kwa sababu sasa nilimwelewa: alikuwa ananistahi.

Muhtasari ningeupata. Rafiki yangu mmoja wa zamani ni katibu katika chuo kile. Kufikia Ijumaa karatasi ingekuwa mkononi, na kiti changu kingebaki changu kila asubuhi ya wiki. Na mwisho wa mwezi ningesaini ripoti ya mia moja na tisa.

"Kipindi cha leo kiko wapi?" niliuliza.

"Ukumbi namba mbili, saa tatu. Leo ni Jumanne." Alitazama ukutani. "Dakika kumi na mbili."

"Nipe ombi langu."

Akalitoa kwenye faili. Nikalikata kwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona, nikaandika chini: Nimeliondoa mwenyewe. Nikatia sahihi na tarehe.

"Na hao wawili?" nikauliza.

"Nitawaomba muhtasari, kama nilivyokuomba wewe. Watakaloleta ni lao."

Nikiwa nimesimama palepale mbele ya meza nilimpigia Suruali Pasi.

"Usinisubiri. Chukua sampuli."

"Mimi, bosi?"

"Kwani nimempigia nani? Ufunguo wa friji uko droo ya pili, chini ya boksi la glavu. Jumanne na Alhamisi ni zako mpaka mwisho wa muhula."

"Kuna tatizo, bosi?" Sauti ilikuwa tamu kupita kiasi, kama dawa ya watoto.

"Hakuna tatizo. Naingia darasani. Na usikalie kiti changu, kina mguu mbovu."

Mguu ni mzima. Acha aogope.

Kwenye korido binti yangu alikuwa anabandika orodha ubaoni, kipande cha utepe wa gundi kikining'inia mdomoni. Aliponiona akageukia ubao.

"Sikukusema," alisema, utepe ukicheza kwenye mdomo.

"Najua. Nimejisema mwenyewe."

Akautoa utepe. "Umesema nini?"

"Yote."

"Mama!"

"Hata yule wa hospitali, faili lake limo mle. Nisamehe, mwanangu. Nilikushika uchawi bila kukuona na tunguri." Nikamsaidia kushikilia kona ya karatasi iliyokuwa inabanduka. "Ukumbi namba mbili uko wapi?"

Alinitazama kuona kama nina utani. Nadhani alitaka kusema kitu kirefu, ila ananijua. Akanyoosha mkono. "Shuka ngazi, kushoto. Mama, una kalamu?"

"Nina tatu."

Ukumbi ulikuwa wa watu mia mbili, nao walikuwa wamejaza kuanzia nyuma, kama abiria wanaoogopa dereva. Walipogeuka kuniangalia, minong'ono ilipita. Wengine walinidhania mwalimu na kuficha simu zao. Safu ya mbele ilikuwa tupu, isipokuwa msichana mmoja ukingoni na mkoba wake juu ya kiti cha katikati, kile kinachotazamana na ubao.

"Mkoba huu umelipiwa karo?" nikamuuliza.

"Hapana, mama."

"Basi upakate."

Akaupakata. Nikakaa, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe.