Chupa Iliyonitangulia Kilimani

Kiti cha plastiki cha kijani ndicho kilichonipokea kwa Masereka, na wala sikushangaa. Huku kwetu mgeni akionekana tu kule bondeni, watu wanaitana kutoka mteremko huu hadi ule, na kabla hajamaliza kupanda, kiti kizuri cha kilima kimeshafika mahali atakapokaa. Kiti kinatangulia, themosi inafuata, sinia lenye maua linafunga msafara. Ni vya nani hasa, hakuna anayeuliza. Mtu hawezi kumwacha jirani yake aaibike mbele ya mgeni, basi.

Sasa siku hiyo mgeni nilikuwa mimi, Nzanzu, mtoto wa mteremko wa pili tu hapo, ila nimevaa fulana nyeupe ya wadadisi na simu mkononi. Kazi yangu: kupita kwa wakulima wa kahawa, kuuliza maswali ya kilimo hai, na kujaza majibu kwenye simu.

Na nilikuwa na presha, sikufichi. Shangazi yangu Kabugho ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kilima kile. Alikuwa amehangaika mpaka ndala zimekwisha soli, akiomba kahawa yao ipokelewe kwenye kiwanda cha kuoshea buni za kilimo hai. Na kiwanda kinahesabu kilima kizima kama shamba moja. Mmoja akipuliza dawa ya dukani, wote wanatupwa kwenye kipindi cha mpito, yaani wakae miaka mitatu udongo usafike, ndipo waulizwe tena. Asubuhi ile shangazi alinishika mkono mlangoni kwake.

"Nzanzu mwanangu, miaka mitatu mimi sina. Hawa watu wameshachoka kunisikiliza. Tukikosa safari hii, kikundi kinanifia mikononi."

"Shangazi, tulia. Kilima hiki dawa hakijawahi hata kuinusa."

"Ndiyo. Nimewaambia wajibu vizuri, wasituaibishe."

Nikaondoka napiga mluzi. Kilichobaki ni masharti ya Bi Atuhaire, msimamizi wetu, ambayo tuliyakariri kama sala: soma swali lilivyoandikwa; usimlishe mkulima jibu; unaweza kumuuliza kama kuna neno hakulielewa, ila maana yake msomee akiiomba mwenyewe, asipoiomba funga mdomo. Nikaona rahisi. Nitamaliza kabla shangazi hajaivisha sombe yake ya majani ya muhogo.

Masereka alikuwa amevaa koti. Jua lile, koti. Nikakaa kwenye kiti cha kijani, nikamiminiwa chai, nikafungua simu.

"Msimu huu umetumia dawa ya kiwandani shambani kwako?"

"Nimetumia," akasema.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya hapana. Nikakiinua.

"Umetumia?"

"Sana. Andika sana. Unafikiri sisi ni watu wa zamani?" Akanionyesha dirishani kwa kidevu. Palikuwa na chupa ya dawa, nyeupe, yenye karatasi nyekundu, imesimamishwa juu ya kitambaa cha kufuma kama picha ya harusi.

Nikabonyeza ndiyo. Nikapiga picha ya chupa, maana fomu inadai picha. Halafu nikaleta lile swali nililoruhusiwa.

"Katika maneno niliyosoma, kuna lolote ambalo hukulielewa? Kilimo hai, pembejeo, kipindi cha mpito?"

"Nimeelewa yote," akasema Masereka, akavuta koti vizuri. "Endelea."

Nikatoka pale kichwa kinazunguka. Nikajifariji kwamba huenda ni yeye peke yake, maana huyu bwana anapenda makuu tangu zamani. Lakini peke yake inatosha kutuzamisha. Nikapanda kwa Kyakimwa.

Kyakimwa ni mjane mwenye mdomo ambao hata makatekista wanauzungukia. Nilifika nikakuta kiti cha kijani, bado kina joto. Themosi ile ile. Sinia lile lile. Na pembeni ya sinia, chupa nyeupe yenye karatasi nyekundu.

"Mama Kyakimwa, msimu huu umetumia dawa ya kiwandani?"

"Nimetumia, mwanangu. Mpaka mgongo unauma."

"Umepuliza mwenyewe?"

"Nani mwingine? Marehemu?"

Nikapiga picha. Halafu, huku akinimiminia chai, nikafungua picha ya kwa Masereka nikailinganisha na hii. Karatasi nyekundu, kona ya chini imetafunwa na mbuzi. Kwa Masereka imetafunwa. Hapa imetafunwa. Mbuzi gani anatafuna kwa kipimo?

Basi nikaelewa. Waliazimana kiti, wakaazimana themosi, na wakaona chupa nayo iwe kwenye msafara.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi nilitaka kupiga magoti. Nilitaka kusema, mama, sema hapana, neno moja tu, utuponye. Lakini nikisema nimemlisha jibu, na Bi Atuhaire akijua, majibu ya kilima kizima yanafutwa na shangazi anabaki hana hata hiyo miaka mitatu. Nikabaki na mlango mmoja tu: aulize. Akiuliza maana, namsomea maana, na maana itamfungua macho.

"Mama, kuna neno hukulielewa? Hata moja? Hata dogo?"

"Wewe uliyekuwa unakimbia bata wangu, leo unanipima akili?"

"Sikupimi, mama. Nauliza tu. Kilimo hai, kwa mfano."

"Nakijua. Kunywa chai."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Muhindo, rika langu, kaoa juzi. Huko nilitembea haraka, na nadhani niliwahi kuliko walivyotarajia, kwa sababu kiti kilikuwepo lakini chupa hamna. Nikauliza swali la dawa. Muhindo akakohoa. Akaangalia uzio. Akanikaribisha chai kwa mara ya pili nikiwa sijaonja ya kwanza.

"Swali gumu hili, kaka," akasema. "Hebu lirudie polepole."

Nikalirudia polepole. Akaniuliza habari za mama. Nikamwambia mama mzima. Akaniuliza habari za mbwa wetu. Tukiwa hapo kwa mbwa, Masereka akatokea nyuma ya migomba, anahema, koti limejaa majani, mkono mmoja mgongoni.

"Nimekuja kusalimia," akasema.

"Si tumeonana sasa hivi?"

"Salamu haina ukomo." Akapita ndani kinyumenyume kama anatoka mbele ya mfalme, akarudi mikono mitupu. Muhindo akapumua.

"Ndiyo," akaniambia. "Natumia dawa. Iko ndani pale, ukitaka kuiona."

Saa ya chakula tukakusanyika uani kwa shangazi, karibu na meza za kuanikia kahawa. Ndiyo utaratibu: kabla majibu hayajatumwa, yanasomwa mbele ya kikundi, kila mtu asikie lake na akubali. Obundu, ugali wetu wa muhogo, ilikuwa imeshafunikwa kwenye kikapu, sombe inanukia, shangazi amejifunga leso mpya. Alikuwa na furaha hata nikashindwa kumtazama.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma. "Masereka: dawa ya kiwandani, ndiyo. Kyakimwa: ndiyo. Muhindo: ndiyo."

Shangazi alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Masereka. Wewe unapuliza dawa?"

"Sana," akasema Masereka. Sasa hakuwa na sauti ile ya asubuhi.

"Lini? Na bomba gani? Mimi napita shambani kwako kila siku kwenda kisimani."

"Kuna watu wanafanya mambo yao kimya kimya, mwenyekiti."

Hapo nikakumbuka, nikataka kujipiga kofi. Swali moja nilikuwa nimeliruka nyumba zote tatu kwa kuchanganyikiwa. Liko chini kabisa ya fomu.

"Kuna swali limebaki," nikasema. "Kiasi kilichotumika. Fomu inasema: mdadisi aangalie chombo mwenyewe. Naomba kila mtu alete chupa yake."

Watu watatu wakatazamana. Hakuna aliyesimama. Mwishowe Muhindo akaenda, akarudi na chupa moja, akaiweka katikati ya mkeka. Wakaiangalia wote watatu kama mtoto aliyekosa baba.

"Ni ya nani?" nikauliza.

"Ya kilima," akasema Kyakimwa.

Nikaichukua. Nikaigeuza. Ile pete ya plastiki chini ya kifuniko, inayokatika ukifungua mara ya kwanza, ilikuwa nzima. Nikampa shangazi. Shangazi akaizungusha, akaipeleka juani, akanirudishia.

"Kiasi kilichotoka humu," nikasema, "niandike ngapi?"

Halafu Kyakimwa akaanza kutikisika mabega. Kicheko kikamtoka puani kwanza, ndipo mdomoni.

"Andika mimi nimepuliza kwa maombi," akasema.

Uani pote pakalipuka. Shangazi peke yake hakucheka.

"Lakini kwa nini?" akauliza. "Nimewasemesha habari za kilimo hai tangu mvua za kwanza."

"Ulisema ni kilimo kinachotakiwa na soko la nje," akasema Masereka. "Wale wa mradi wa mwaka jana waliniuliza kama natumia dawa, nikasema ukweli, kwamba sijui hata inanuka vipi. Wakafunga mkoba. Mbuzi waliokuwa wanagawa wote wakaenda kilima cha pili, kwa wale wa kisasa. Nilikaa nikawasikia wanalia usiku, mbuzi ambao wangekuwa wetu. Nikasema safari hii hatutaonekana washamba. Shemeji yangu alinizawadia hiyo chupa, nikaona iwasaidie na wengine."

Kyakimwa alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Akanigeukia.

"Hivi, Nzanzu. Hilo neno lako. Kilimo hai. Maana yake nini hasa?"

Jamani. Nilitamani kumbusu. Nilisogeza ile simu mpaka sehemu ya maana za maneno, nikasoma kama nasoma matokeo ya mtihani: kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za kiwandani, kinacholisha udongo kwa samadi, majani na mazao ya mseto, na kuzuia wadudu kwa njia za asili.

"Subiri," akasema Muhindo. "Hicho si ndicho tunachofanya?"

"Ndicho walichotunyimia mbuzi wale wa mradi," akasema Kyakimwa. "Kumbe tulikuwa matajiri tunaazima umaskini."

Basi kila mtu akataka kujibu upya. Kumbe walikuwa wameficha mambo. Muhindo anachemsha pilipili na sabuni ya kipande. Kyakimwa ana pipa la mkojo wa mbuzi nyuma ya choo, alilifunika kwa magunia nisilione, na sasa anadai hakuna pipa linalonuka kama lake kilima kizima. Wakabishana nani ananuka zaidi. Nikawaambia siwezi kubadilisha kienyeji; lazima nimpigie Bi Atuhaire. Nikampigia, nikaweka sauti kubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nzanzu, una shangazi kwenye kikundi hicho."

"Ndiyo, Bi."

"Basi neno lako halinitoshi. Mwenye chupa aniambie mwenyewe. Na ajue jambo moja: hata ikiwa haijafunguliwa, haikai shambani. Irudi dukani leo."

Shangazi akamtazama Masereka, lakini hakumwomba. Masereka alikuwa ameishika ile chupa mapajani. Mbele yake mke wake, majirani, na wakwe wa Muhindo waliokuwa wamekuja kusalimia. Alikuwa ameipangusa kila asubuhi tangu aipate. Mke wake aliniambia baadaye. Akavua koti. Akalikunja, akaliweka juu ya mkeka, na chupa juu yake, akasukuma vyote kuelekea kwangu. Akapokea simu.

"Bi," akasema, "naitwa Masereka. Chupa ni yangu. Sijawahi kuifungua. Nilisema uongo, na wenzangu niliwafundisha uongo huo mimi. Nilitaka tuonekane watu."

Bi Atuhaire hakumkemea.

"Na wadudu wa buni mnawazuiaje?"

Masereka akatutazama. Akaketi vizuri.

"Ukitaka nikueleze, Bi, utafute kalamu."

Tukasikia Bi Atuhaire anacheka, kicheko ambacho sijawahi kumsikia ofisini. Akasema wiki ijayo atakuja kuona mashamba kwa macho yake, lakini kwa sasa nirekebishe majibu, niweke maelezo, na nitume. Shangazi akakaa chini pale pale kwenye mchanga, leso mpya na yote, akapiga makofi kimya kimya, kisha kwa sauti, kisha wanawake wote wakampokea, na kikapu cha obundu kikafunuliwa.

"Wasingya, Bi, asante sana," akaita shangazi kutoka mchangani.

Nikanyoosha mkono nichukue simu nitume. Masereka akanigeuzia bega.

"Ngoja wewe," akasema. "Bi, ukishachuja mkojo wa mbuzi, usiutie siku hiyo hiyo. Utaunguza majani. Umeandika?"

"Masereka, sombe inapoa," akasema mke wake.

"Kuleni. Hatujafika kwenye majivu."