Nyumba Iliyohama na Moshi Wake

Nyumba iliweza kuhamishwa tu ardhi ikiwa imeganda, na makaburi yaliweza kufukuliwa tu ardhi ikiwa imelainika. Shida ilikuwa hiyo. Thirza Loomis alitaka watoto wake wawili waliokufa waende pamoja na nyumba. Mumewe, Orrin, alitaka kiwanja cha kona, na kiwanja cha kona hakikuwa cha kungoja theluji iyeyuke.

Reli ilikuwa imeupita mji wao, Bickford, kwa mbali, maili sita upande wa kusini. Huko Dakota, nyikani Marekani, mji uliopitwa na reli ulikuwa maiti. Watu hawakukaa matanga. Walichonga magogo marefu, wakayapenyeza chini ya nyumba zao, wakafunga maksai na kuanza kuburuta juu ya theluji: kanisa, karakana ya mhunzi, nyumba za kulala. Kampuni ya reli ilikuwa imetangaza kwamba nyumba itakayotangulia kufika njia panda, mbele ya stesheni, itachukua kiwanja cha kona. Orrin alitaka kufungua hoteli pale. Pruitt mwenye duka alikitaka vilevile, na duka lake lilikuwa tayari limekwisha kunyanyuliwa.

Orrin hakujua kutulia. Hii ilikuwa mara ya tano kumhamisha mkewe. Kila walipokaa, ua ukishaota tu mbele ya mlango, yeye alianza kutazama magharibi. Thirza alifika Bickford kabla haijaitwa Bickford, mwanamke wa kwanza kulala pale. Majira ya baridi ya kwanza waliishi ndani ya shimo ukingoni mwa kijito, na paa lilikuwa la udongo na majani. Siku moja nyoka alidondoka kutoka darini karibu na sufuria. Thirza alimuua kwa mwiko, akauosha mwiko, akaendelea kupika. Baadaye watu walipoongezeka, nusu ya watoto wa mji walipokewa na mikono yake. Wake mwenyewe, Almeda na Delos, walikufa kwa dondakoo katika wiki moja. Siku ile makaburini Orrin aliapa kwamba hawatahama tena.

"Uliniapia," Thirza alimwambia walipokuwa wanapenyeza magogo.

"Niliapa sitauacha mji. Sasa mji ndio unaondoka, mke wangu. Mimi naufuata tu."

"Basi waambie wanao wainuke waufuate."

Orrin alimwambia kwamba theluji ikiyeyuka atarudi na gari kuwachukua. Thirza akamjibu kwamba theluji ikiyeyuka atakuwa anapiga rangi hoteli. Orrin alikasirika, maana alijua ni kweli.

Thirza akasema kama nyumba inakwenda, yeye hatoki ndani. Hilo halikumshangaza mtu; wanawake wengi walisafiri hivyo, chungu kikiwa jikoni. Jens Tveit, Mnorwe aliyeendesha maksai, alimtania dirishani asije akawamwagia maharage kwenye mteremko.

"Wewe chunga ng'ombe wako, Jens," Thirza akamwambia. "Nimekupokelea wanao watatu, sikumwaga hata mmoja."

Wanaume walicheka. Nyumba ikang'oka kwa kishindo, ikaanza kwenda.

Ilikwenda kama mgonjwa. Siku ya kwanza walitembea kidogo sana, na siku ya pili hawakufika nusu ya njia. Orrin hakupanda kitu. Alitembea mbele, akarudi nyuma, akapima kamba, akawatukana maksai, akageuka kutazama duka la Pruitt lililokuwa likijikokota upande wa pili wa nyika. Walilala katikati ya weupe mtupu, nyumba ikilia kwenye viungo vyake. Thirza aliwapikia wote maharage. Orrin alidhani amekubali.

Siku ya tatu, karibu na saa sita, walifika mahali pa kuvuka kijito. Duka la Pruitt lilikuwa limekwama mtoni, ncha moja ya gogo imezama kwenye barafu. Orrin alifurahi mpaka akasahau baridi. Bomba la jiko lake lilikuwa limetoa moshi asubuhi nzima, kwa hiyo alifungua mlango ili ampe mkewe habari.

Ndani hapakuwa na mtu. Jiko la chuma lilikuwa limeshindiliwa magunzi mabichi, yanayotoa moshi bila moto. Sufuria ilikuwa baridi. Sururu na sepetu zilizokaa nyuma ya mlango hazikuwapo. Godoro lilikuwa ganda tupu. Nyasi zake zote zilikuwa zimetolewa.

Orrin alitoka akatazama walikotoka. Kwenye mji wa zamani, ambako hakukuwa tena na nyumba ya kutoa moshi, moshi ulikuwa unapanda.

Jens naye aliuona. "Nenda, bwana," alisema. "Ng'ombe hawafi kwa kusimama."

Orrin aligeukia mtoni. Watu wa Pruitt walikuwa wameleta nyenzo, na duka lilikuwa limeanza kutikisika. Akamwambia Jens kwamba watavuka kwanza, halafu atachukua farasi. Jens alimtazama, akatema mate, akainua mjeledi. Kuvuka kulichukua muda. Walipomaliza jua lilikuwa limeshuka na upepo umegeuka, unatoka kaskazini.

Alimkuta Thirza makaburini, ameketi kando ya shimo. Alikuwa amechoma nyasi za godoro, kisha uzio wa makaburi, kisha mbao zilizoachwa mjini. Akichoma, anachimba udongo uliolainika, anachoma tena. Kaburi la Delos halikuwa refu, maana lilichimbwa na watu wagonjwa. Jeneza dogo lilikuwa juu, limefunikwa kwa shali yake. Yeye mwenyewe alibaki na gauni lililolowa jasho na theluji.

"Mmoja nimemtoa," alisema. "Almeda yuko chini zaidi. Shika sepetu."

Orrin alimwambia tufani inakuja.

"Niliiona nyumba ikisimama saa sita," Thirza akasema. "Ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunavuka kijito."

"Mmevuka?"

"Tumevuka."

"Basi hongera."

Orrin alimpandisha juu ya farasi, akamfungia jeneza mbele yake, akaongoza kwa miguu. Theluji iliwakuta njiani. Farasi alianguka karibu na kijito na hakuinuka tena. Jens na watu wake waliwafuata na taa, wakawabeba.

Nyumba ilifika njia panda siku moja mbele ya duka la Pruitt. Thirza alifika humo ndani na kichomi, amelazwa juu ya mbao tupu na blanketi. Alipumua kama mtu anayepanda mlima, kisha usiku wa pili akaacha. Gunhild, mke wa Jens, ndiye aliyemuosha.

Orrin alisema mwili ungoje ardhi ilainike, kama ilivyo desturi. Gunhild alimwambia mbele ya watu wote kwamba mwanamke yule amekwisha kungoja vya kutosha. Wanaume wakatazamana. Wake zao karibu wote walikuwa wamezalishwa na Thirza. Walipakia nyasi kavu kwenye sleji, gari la kuburutwa juu ya theluji, wakarudi Bickford ya zamani, wakawasha moto, wakamtoa Almeda. Katika mji mpya nako wakachimba hivyohivyo, wakawaweka wote watatu mahali pamoja. Hayo ndiyo yaliyokuwa makaburi ya kwanza ya mji ule.

Kumtoa Almeda kulihitaji wanaume sita, mzigo mmoja wa nyasi na mchana mmoja. Orrin hakuwahi kumwomba hata mmoja wao.

Orrin alipata kiwanja cha kona. Alikilipia farasi mmoja, vidole viwili vya mguu wa kushoto vilivyoliwa na baridi, na mke aliyehama naye mara tano.