Jalada la Bwana Nailoni

Tulimwita Bwana Nailoni, kwa sababu kila alichonunua alikivalisha nailoni kabla hakijavuta pumzi. Alikuwa mkusanyaji wa vitabu vya katuni. Nasema mkusanyaji, msomaji hakuwa hata siku moja. Toleo moja likitoka na majalada tisa tofauti, hadithi ya ndani ni ileile neno kwa neno, yeye hununua yote tisa na kuyalaza kabatini kama maiti waliooshwa.

Mimi ni mchoraji, nachora kwa oda chumbani kwangu. Asubuhi moja akaja na nakala yenye jalada jeupe, lile linaloachwa tupu makusudi ili mtu achorewe apendacho. Akapangusa kiti changu kwa leso ndipo akakaa.

"Fundi, nataka shujaa na malkia wake. Malkia anampa kikombe. Sura ziwe zetu, mimi na mke wangu. Tunatimiza miaka kumi ya ndoa."

"Shujaa ni wewe?"

"Mabega uyaongeze kidogo."

"Toleo hili umelisoma?"

"Nilisome nilichafue?"

"Nauliza kwa sababu huyo malkia, na hicho kikombe..."

Akaniinulia kiganja. "Wewe kazi yako kalamu. Kikombe nimekiona kwenye jalada la nne, kimenipendeza. Chora."

Basi nikachukua kalamu. Kikombe kile, ukurasa wa ishirini, kina sumu. Malkia anamnywesha mumewe, halafu anakaa kwenye kiti chake cha enzi hata hakijapoa. Wasomaji wote walijua. Lakini mtu akishakuziba mdomo kwa kiganja, wewe umng'ang'anie wa nini?

Nilichora siku nne. Kumdharau mtu si sababu ya kuharibu kazi, kwa hiyo niliichora vizuri. Mabega niliyaongeza mpaka shingo ikapotea.

Sherehe ikafanyika sebuleni kwao, nami nikaalikwa, nadhani ili apate fundi wa kuwaonyesha wageni. Alipovuta kitambaa kilichofunika jalada lile ndani ya fremu, wageni wakapiga makofi. Mkewe, mwalimu wa hesabu, mwanamke asiye na maneno mengi, akasogea karibu na fremu. Akakitazama kikombe. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mume wangu, unajua hapa nakunywesha nini?"

"Kinywaji cha mapenzi."

"Sumu, baba. Unakufa povu likikutoka, na wala sikuziki."

Wageni wakaangua kicheko. Mumewe hakujali sumu wala kicheko. Alikuwa amekwama mahali pengine kabisa.

"Umejuaje?"

"Nimesoma."

"Umesoma nini?"

"Hadithi zote zilizomo humo kabatini. Ukienda kazini nabandua gundi ya nailoni taratibu kwa wembe, nasoma, nafunga. Mwaka wa sita huu. Zile tisa nilifungua moja tu. Hadithi si ileile?"

Mtu mzima yule alikimbilia kabati mbele ya wakwe zake. Akawa anainua nailoni moja moja kwenye taa akitafuta alama za vidole, jasho linamtiririka, huku nyuma yake wageni wamemzunguka mkewe: halafu ikawaje, malkia alikamatwa? Mama mkwe ndiye aliyeuliza kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu akanijia tena. Nilidhani anataka nifute kikombe. Kumbe alikuwa na karatasi iliyopigwa chapa, yenye nafasi ya sahihi.

"Andika kwamba wewe, kama mtaalamu, umekagua mkusanyiko wangu na hakuna kilichofunguliwa. Nataka kuviuza."

"Lakini mkeo kafungua karibu vyote."

"Wanunuzi watajulia wapi? Hawafungui."

Mpaka hapo nilikuwa nikimwona mjinga tu, na mjinga anavumilika. Nikamrudishia karatasi yake, nikamwonyesha mlango. Akatoka akinung'unika kwamba wasanii hatuna shukrani. Nikasikia baadaye kwamba sahihi aliipata kwa mwingine. Hawakosekani.

Mkewe siku hizi huja kwangu Jumamosi baada ya kusahihisha madaftari. Husoma nakala zangu zilizokunjika pembe, huku anatafuna karanga, na akifika penye utamu hunikataza kusema chochote. Kurasa zangu zimejaa mafuta ya vidole vyake.