Kibali cha Kwenda Kutazama

Tangu Jumatatu Aline, mkimbizi wa kambini, na rafiki yake Bonifasia, mwenyeji wa kijiji jirani cha Keza, hawakuwa na mazungumzo mengine ila safari ya Jumamosi: kwenda kuliona korongo ambamo mto Ruvubu unapita kwa kishindo katikati ya majabali. Ndizi za kuchoma walishazipanga, na kitenge cha kukalia pia. Kilichobaki ni kibali, maana mkimbizi hakutoka kambini bila karatasi. Basi wakaenda ofisini kwa karani wa vibali, Aline akapewa fomu ya kujaza sababu ya safari.

"Andika unakwenda kuzika," Bonifasia alimnong'oneza. "Wote huandika hivyo."

"Nimzike nani? Wewe?"

Wakacheka mpaka karani akainua macho. Aline akaandika ukweli: kwenda kutazama mto.

Karani aliisoma fomu mara mbili. "Kutazama tu?"

"Tu, mzee. Shikamoo." Salamu ilimtoka imechelewa, na Bonifasia akajiziba mdomo kwa kanga.

"Marahaba. Wiki hii nimegonga mihuri ya mazishi kumi na minane, na kambini hajafa mtu." Akagonga muhuri kwa nguvu. "Nendeni, mkirudi mnisimulie. Mwaka wa tatu niko hapa, nami sijauona."

Aline, mwenye aibu zake zote, alijisikia akisema: "Basi twende wote, mzee. Ndizi zitatosha."