Wimbo wa Sehemu Tatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mhesabu ndege wa hifadhi alikuwa kwenye kigoda chake kando ya kijito, fomu juu ya goti. Aliandika: kurumbiza, mmoja, dume, juu ya mgunga. Kwenye safu ya sauti aliandika alichosikia, neno kwa neno, kama kanuni inavyotaka. "Nani mwingine anajua?" Hapo hapo kikohozi. Sehemu ya pili, "Mimi peke yangu, Mkuu." Ya tatu, mlio wa bunduki, mdogo, kama kijiti kikavu kinachovunjika.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mumewe, askari wa doria aliyetoweka mwaka jana akifuatilia malori ya magogo. Ofisi ilisema amechukuliwa na mamba. Katika kijito kile hata kambare hukaa kwa kujibana. Kikohozi nacho, kila mfanyakazi pale alikijua.

Hakushtuka, ndege huiga wanachosikia. Alilia kidogo, akaikinga fomu isilowe, akaendelea kuhesabu. Wiki ya pili wimbo ulikuwa umefika kwa chiriku. Wiki ya tatu makinda walikuwa wakiufanyia mazoezi vichakani, wakikosea kikohozi na kuanza upya.

"Shoga, andika tu kwamba wamelia," mpishi wa kambi alimwambia. "Lisemwalo lipo, sikatai. Lakini una watoto."

"Na baba yao je? Nimwandike mamba?"

Ijumaa alipeleka fomu kwa Mkuu wa hifadhi. Mkuu alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alisahihisha jina la chiriku mmoja.

"Kazi safi, mama. Ila hii ya bunduki si sauti, ni tabia. Ihamishie safu ya nne."

Akaihamisha. Mkuu aligonga muhuri, akatia fomu kwenye droo ya juu na kugeuza ufunguo.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza, akakohoa.

Mhesabu ndege alimfikiria mpishi, akaogopa kwa ajili yake. Kabla hajafungua kinywa, chiriku aliyetua dirishani alijibu kwa sauti ya mhesabu ndege mwenyewe, pamoja na mkwaruzo wa koo lake wa kila asubuhi.

"Mimi peke yangu, Mkuu."

Mkuu aliitikia kwa kichwa, akavuta droo ya chini. Mhesabu ndege, kwa mazoea ya kazi, alishika kalamu akasubiri sehemu ya tatu.