Waya Uliohama Tundu

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne Oktoba, siku mpwa wa mkurugenzi alipoingia ofisi ya vifurushi, akaketi kwenye kompyuta ya kaunta na kuifunza kusema na printa ana kwa ana.

Kabla ya hapo printa ile ya stika ilikuwa na deko. Ikigoma, karani wa kaunta hugeukia stoo na kuita, "Shemeji, njoo, mke wako mdogo kanuna." Mtunza stoo hufuta mikono, akaja taratibu, asije akaonekana alikuwa akisubiri. Karani alikuwa shoga wa marehemu mkewe. Tangu amzike, wengine wote pale walimwita kumtuma tu. Huyu peke yake alimwita kwa utani.

Sasa stika zilitoka kama maji ya bomba.

"Programu yangu haimbembelezi mtu," mpwa alisema, kaegemea kaunta, karibu mno na karani. "Inaitafuta printa, inaishika, inaiambia la kufanya."

"Haya, bwana mshikaji," karani akacheka.

Kicheko kile kilimwingia mtunza stoo kama mwiba. Ndio wakubwa hao, aliwaza. Wana magari, wana ofisi zenye kiyoyozi, na bado hawamwachii mnyonge hata printa mbovu.

Wawili wale walipotoka kwenda kula, alichomoa waya wa printa nyuma ya kompyuta, akauchomeka kwenye tundu la pembeni. Zamani hilo lilitosha: kompyuta ingeiona printa kama mgeni, stika zisitoke, naye aitwe. Akarudi stoo, sikio mlangoni.

Wakarejea. Kifurushi cha kwanza, stika ikatoka. Cha pili, ikatoka. Programu haikujali tundu. Iliijua printa kwa namba yake ya kiwandani, popote ilipochomekwa.

Mtunza stoo akashika ufagio, akafagia palipokwisha kufagiliwa.

"Shemeji."

Akaja mbio, ufagio mkononi. Karani alikuwa ameinama nyuma ya kompyuta kuokota stika iliyodondoka, na safari hii hakuwa na utani. Mpwa alimtazama mzee, kisha ufagio, kisha mzee.

"Huu waya haukuwa hapa," karani alisema. "Nani kauhamisha, shemeji, na alikuwa anataka nini?"