Jumuiya Isiyopepesa

"Ile mikonge ya mpaka ilikuwa pale tangu marehemu..."

"Mama Careen, tuko kwenye sala."

"...tangu marehemu aipande, Mwenyekiti, na wewe umeing'oa saa nne asubuhi, jua linawaka..."

"Sala ya Majilio. Mambo ya mashamba tusiyalete hapa."

Mama Careen ni mjane, jina lake Kunegunda. Rupert, jirani yake wa shamba, ndiye mwenyekiti wa jumuiya yao ya sala. Alikuwa ameihamishia mikonge hatua kumi ndani ya shamba la mjane, mvua za kupandia zikiwa zimeshaanza. Kilichobaki kwa Kunegunda hakifikishi chakula hadi Pasaka.

Wanajumuiya walikaa sebuleni kwa Sixbert, hapo Mjimwema, wanawatazama bila kupepesa. Kope, zile ngozi za kufumbia macho, hawakuwa nazo. Dominika ya kwanza ya Majilio katekista aliwahimiza wakeshe, wakaiomba neema hiyo kwa sauti moja, na Jumatatu asubuhi wakakuta kope zao kwenye mito, kavu kama maganda ya vitunguu. Suzana, mmoja wao, alizifagia za nyumba yake nzima akazitupa shimoni. Zahanati iliwapa dawa ya matone, ikasema warudi baada ya Krismasi. Rupert alichelewa sala siku ile, kwa hiyo zake anazo na analala vizuri.

Kunegunda akawauliza mmoja mmoja kama walimwona Rupert akiing'oa mikonge. Hakuna aliyekataa. Suzana alikuwa anapanda mahindi shamba la pili na alimwambia Rupert pole na kazi. Sixbert alikuwa juu ya paa anapiga misumari, akahesabu hadi mkonge wa mwisho.

"Sasa mlikuwa mnakesha nini, nyie?" Kunegunda akauliza.

"Tuliona, mama," Sixbert akasema. "Ila mtoto wangu anabatizwa Krismasi, na barua ya jumuiya anasaini Mwenyekiti."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Huyu alikuwa na ndoa Januari, yule ana mama mgonjwa, na bila barua hiyo hakuna padre wa kuzika. Macho kumi na nane wazi, mekundu, yakahamia kwenye mshumaa wa rangi ya waridi, ambao zamu yake ya kuwashwa ni Dominika ya tatu ya Majilio, yaani siku ile.

Rupert akauwasha. Akasali taratibu, kope zake amezifumba, akaomba Bwana asiwakute wamelala. Wakasema amina.

Halafu akamgeukia Kunegunda.

"Mama Careen, naomba uniazime jembe. Langu limevunjika mpini kwenye ile mikonge, na kesho napanda."